Aliyeunda injini asijifiche

Juu ya Kianjokoma, katika kaunti ya Embu, mashamba ya majani chai yanapokoma ndipo msitu wa Mlima Kenya unapoanza. Barabara hupanda kuelekea Irangi, na mbele ya hapo mtu wa miguu haoni mbali. Miti imesongamana, ukungu hushuka mapema na mteremko mmoja huficha mwingine. Kwa miaka mingi wezi wa muthaiti, ule mti wa kafuri wenye mbao za bei, walijiona salama humo. Kisha mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likaukagua msitu mzima kutoka angani kwa ndege ndogo. Ripoti iliyotolewa Agosti mwaka huo ilionyesha maelfu ya miti ya kafuri iliyoangushwa, hasa kwenye miteremko yenye mvua ya kusini na mashariki, pamoja na matanuri ya makaa na mashamba ya bangi katikati ya msitu wa umma. Mwaka uliofuata serikali iliukabidhi msitu huo kwa KWS.

Ndege za kazi kama hiyo huruka chini na polepole, na nyingi hutegemea injini moja tu. Ikizima juu ya bonde la mto Thuci, rubani hana pa kutua. Kwa hiyo wenye ndege ndogo wamejenga, kwa miongo mingi, desturi ambayo mkulima wa Kianjokoma hajawahi kuonjeshwa: aliyeunda injini haachani nayo anapopokea pesa. Huifuata hadi siku inapotupwa.

Ubavuni mwa kila injini ya ndege kuna kibamba cha chuma kinachoenea kwenye kiganja. Kimechapwa jina la kiwanda, modeli na nambari ambayo injini nyingine haina. Nambari hiyo huandikwa pia katika kitabu kinachosafiri na injini popote iendapo, na ndani yake hutiwa kila saa iliyorukwa, kila oili iliyobadilishwa na kila plagi iliyong'olewa. Akija mnunuzi wa pili au wa tano, hukabidhiwa kitabu pamoja na injini. Ndege isiyo na kitabu chake hushuka bei vibaya, hata ikiwa inang'aa.

Lycoming, kiwanda cha mjini Williamsport katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, kina waraka mmoja, nambari 1009, ambao kazi yake ni kueleza kila modeli ifanye kazi saa ngapi kabla ya kufunguliwa yote na kufanyiwa ukarabati mkubwa. Kwa injini nyingi za aina ya O-320, inayobeba ndege nyingi ndogo za Afrika Mashariki, ni saa 2,000. Mwaka 2017 kiwanda hicho hicho kiligundua kwamba bushi katika baadhi ya konrodi hazikukaa sawasawa.  Kilitoa waraka wenye orodha ya nambari za injini zilizohusika na kueleza jinsi ya kuzipima, na Agosti mwaka huo mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ikaufanya ukaguzi huo kuwa amri. Mwenye ndege katika uwanja wa Wilson, Nairobi, alihitaji tu kusoma kibamba chake na kulinganisha nambari. Kabla ya chakula cha jioni angejua kama injini yake imo au haimo.

Hapo msomaji anaweza kusema kwamba Lycoming ni kampuni kubwa na ya zamani, yenye mawakili na akiba ya kufanya mambo hayo. Basi aitazame Bundaberg, mji wa miwa katika jimbo la Queensland, Australia. Mwaka 1988 Rodney Stiff na Phil Ainsworth walianzisha huko kampuni ndogo ya Jabiru ili kuunda ndege nyepesi. Injini hawakukusudia kuziunda. Walinunua kutoka kwa kampuni moja ya Italia iliyoitwa KFM, wakaipitisha ndege yao katika mlolongo mrefu wa vibali, na vibali vilipokaribia kuzaa matunda KFM ikaacha kutengeneza injini zile. Jabiru wakabaki na ndege yenye pua tupu.

Wangeweza kufunga duka. Badala yake waliamua kuunda injini yao wenyewe. Iliyokuja kujulikana zaidi ni ile ya 2200, yenye silinda nne zinazopozwa kwa hewa na nguvu ya farasi 80 hivi. Kasha lake huchongwa kutoka bonge zima la aluminiamu kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Kabureta hawakujisumbua kuibuni. Walichukua ya Bing, kutoka Ujerumani, ambayo mafundi wengi wa injini ndogo duniani wanaifahamu. Ndege zao zimeundwa Australia na pia Afrika Kusini.

Kisa hicho kina babu yake hapa Kenya. Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha shirika la ndege la Wilson Airways, Nairobi, pamoja na rubani Tom Campbell Black, na uwanja unaobeba jina lake bado una shughuli nyingi. Ndege yao ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth. Injini ya Gipsy yenyewe ilizaliwa kwa dhiki inayofanana na ile ya Bundaberg. Moth za kwanza zilitumia injini ambayo mhandisi Frank Halford aliiunda kwa kuchukua nusu ya injini za Renault zilizosalia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Masalio yalipokwisha, kampuni ya de Havilland ililazimika kumpa Halford kazi ya kuunda injini mpya kutoka mwanzo. Pasipo uamuzi huo, huenda huduma ya ndege ndogo katika nchi hii ingechelewa sana kuanza.

Kampuni iliyowahi kuachwa njiani na muuzaji wake inajua maumivu ya mteja, na labda ndiyo sababu Jabiru haikumficha mteja nyaraka. Miongozo yake ya matunzo na barua zake za kiufundi ziko wazi kwa yeyote, bila malipo. Mwenye injini anaambiwa kwamba sehemu ya juu ifunguliwe ikifika saa 1,000 na injini nzima saa 2,000, anaambiwa nati gani ikazwe kwa nguvu gani, na anaambiwa dalili za hatari zinavyoonekana. Tena katika kampuni ndogo hakuna ngazi kumi kati ya mteja na karakana. Anayepokea simu yuko hatua chache kutoka kwa aliyechonga kilichovunjika, na akikosa jibu anaweza kwenda kumuuliza.

Lakini huduma hupimwa siku mbaya, na siku hiyo Jabiru iliiona. Boliti ndefu zinazoshikilia kasha na silinda za injini zake zilikuwa zikikatika katika baadhi ya ndege. Kampuni ilitoa nyaraka za kubadilisha boliti na nati. Malalamiko hayakuisha, na Desemba 2014 mamlaka ya usalama wa anga ya Australia ikawawekea vikwazo wenye injini za Jabiru: waruke mchana tu, wasipite juu ya makazi ya watu, na abiria watie saini kwamba wameelezwa hatari. Kampuni ilipinga takwimu zilizotumika, ikateta hadharani, huku wateja wake wakiumia. Kwa ndege nyingi vikwazo viliondolewa mwaka 2016.

Wapo watakaosoma kisa hicho kama aibu ya kampuni. Sahihi zaidi ni kukisoma kama ushahidi wa kile ambacho mnunuzi wa injini ndogo ardhini ananyimwa. Kasoro ilijulikana kwa jina. Ilihesabiwa. Waliokuwa na injini zile walijulikana walipo, wakapewa habari mbaya bila kufichwa, wakaelezwa la kufanya. Mnunuzi alikuwa na mtu wa kumgombeza!

Sasa tushuke Kianjokoma. Eneo hili linaishi kwa majani chai, kahawa, makadamia na ng'ombe wa maziwa wanaofugwa zizini, na kila shughuli kati ya hizo ina injini yake. Kuna pikipiki za bodaboda zinazopeleka maziwa alfajiri, pampu za kupandisha maji kutoka bondeni, mashine za kukatakata nyasi za ng'ombe, mashine za kupogolea chai zinazobebwa begani, misumeno ya moto, jenereta za kinyozi na za kanisa. Ukizihesabu kwa kaunti nzima ya Embu, injini hizo ndogo hulisha watu wengi kuliko ndege zote za Wilson.

Nyingi hununuliwa hivi. Mkulima huenda mjini Embu na pesa za bonasi ya chai. Dukani huonyeshwa injini tatu za rangi tofauti zenye majina ambayo mwaka jana hayakuwapo, na ambayo mwakani huenda yasiwepo, kwa sababu jina hubadilika na kontena. Hupewa risiti na kijitabu chenye Kichina pamoja na Kiingereza cha kubahatisha. Dhamana ni ya maneno. Nambari iliyo ubavuni mwa injini, ikiwa ipo, hakuna anayeiandika popote.

Miezi inapita, halafu jioni moja mashine ya nyasi inazima huku ng'ombe wakilia. Fundi anaitwa. Anafungua injini juu ya gunia, anatoa pistoni, anaipangusa na kuichungulia. Ringi imekatika. Fundi anachukua kopo la zamani la maziwa ya unga lililojaa ringi alizookota kwenye injini zilizokufa, anaweka moja juu ya nyingine kwenye kiganja, anazipima kwa jicho na kwa ukucha, hadi apate inayokaribiana. Anaikwangua kwa tupa kidogo. Injini inawaka, inatoa moshi wa buluu, na inakunywa oili kuliko ilivyokunywa jana. Fundi huyo ni hodari kweli, na ustadi wake ungeheshimiwa karakana yoyote. Hata hivyo anafanya kazi gizani, kwa sababu hakuna aliyemwambia ringi ya injini hiyo ina unene gani, wala nani aliitengeneza, wala kama wakulima wengine mia moja wamekatikiwa na ringi hiyo hiyo wiki hiyo hiyo.

Hilo la mwisho ndilo linalouma zaidi. Kasoro ya kiwanda ikiingia Embu katika injini mia moja, hugeuka kuwa bahati mbaya ya watu mia moja, kila mmoja akidhani ni yeye tu. Mkulima hujilaumu kwamba alitia oili mbaya. Mkewe humlaumu kwa kununua cha bei rahisi. Muuzaji wa jumla jijini analala usingizi mnono.

Sheria, kwa maandishi, iko upande wa mkulima. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya habari zinazomwezesha kuzifaidi kikamilifu, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kijitabu cha injini ambacho mnunuzi hawezi kukisoma kinakwenda kinyume na haki hiyo ya habari, na inashangaza kwamba bidhaa za aina hiyo hupita bandarini na kufika vijijini bila yeyote kuuliza.

Waagizaji wana jibu lao, na linastahili kusikilizwa. Husema kwamba kuweka spea za miaka mitano, kuajiri mafundi na kutafsiri vitabu kutapandisha bei, na mkulima anataka rahisi. Ni kweli bei itapanda kidogo. Lakini bei ya injini haishii kwenye risiti. Mkulima hulipa nauli za kwenda Embu na wakati mwingine hadi Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi kusaka spea, hulipa maziwa yaliyopungua, hulipa fundi mara tatu kwa ugonjwa mmoja, kisha hununua injini nyingine. Muuzaji ndiye aliyeuza rahisi. Mkulima hakununua rahisi.

Jibu la pili ni zito zaidi. Kampuni ndogo hufa, na ikifa huduma hufa nayo. KFM iliacha, na Kenya ina mfano wake wa karibu: Agosti 2024 Mobius Motors, kampuni iliyounda magari ya barabara mbovu kwa ajili ya Afrika, ilitangaza kwamba inafunga. Baadaye kidogo ilipata mnunuzi, lakini kwa siku hizo wenye magari yake walikuwa na haki ya kujiuliza watapata wapi mlango au taa. Anayenunua kwa kampuni ndogo ananunua pia hatari hiyo.

Dawa yake inafahamika katika karakana za jua kali za Embu na Meru. Mchomeleaji anayeunda mashine ya kukata nyasi huweka bearingi ya kawaida, kwa mfano 6205, yenye tundu la milimita 25 na kipenyo cha nje cha milimita 52. Bearingi hiyo ni ile ile Embu, Mumbai au São Paulo, na inauzwa katika duka lolote la spea. Mkanda ni wa saizi inayojulikana. Kisu kinaweza kunolewa au kuchongwa upya kutoka springi ya lori. Mchomeleaji huyo akifariki au akihamia Nairobi, mashine yake haigeuki yatima. Ndivyo Jabiru walivyofanya kwa kutumia kabureta ya Bing: ambacho dunia tayari inakitengeneza vizuri, walikichukua. Kiwanda kidogo kinachobuni nati ya peke yake, isiyofunguka ila kwa spana yake, kinamfunga mteja, na serikali isikipe kibali kwa urahisi.

Mafundi wa jua kali wana jambo jingine ambalo waagizaji wakubwa hawana. Wanapatikana. Mashine ikikwama, mwenyewe humpigia aliyeiunda, na mara nyingi huja siku hiyo hiyo kwa bodaboda akiwa na spana mfukoni. Kwa upande huo Kianjokoma iko karibu na Bundaberg kuliko inavyodhani. Kinachopungua ni kumbukumbu. Mchomeleaji akichapa nambari kwenye kila mashine kwa patasi za tarakimu, na akaandika katika daftari la shule nambari hiyo, tarehe, jina la mnunuzi na aina ya bearingi aliyoweka, atakuwa ameanzisha kitabu cha injini kama cha rubani. Mashine tatu za mwezi mmoja zikivunjika ekseli mahali pamoja, daftari litamwambia kwamba chuma alichonunua mwezi huo kilikuwa kibovu, na atawapigia simu wale wengine kabla mtu hajakatwa mkono. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kufundisha hilo katika muhula mmoja, na kulipatia uzito ule ule unaopewa uchomeleaji.

Kwa injini zinazoagizwa kutoka nje, mkulima mmoja mmoja hana nguvu. Wakulima kwa pamoja wanazo, na katika eneo hili wamekwisha kuzitumia. Wenye chai wadogo wa Embu hupeleka majani yao viwanda vya Mungania na Rukuriri, wao wenyewe ndio wenye hisa, na kupitia KTDA, shirika la wakulima wadogo wa chai, mbolea yao huagizwa kwa wingi kutoka ng'ambo, ikafika ikiwa imepimwa na kwa bei ambayo mtu mmoja hangepata. Utaratibu huo huo unaweza kutumika kwa mashine za kupogolea, pampu na injini za kukatia nyasi. Wakurugenzi wa viwanda huchaguliwa na wakulima, na kwenye mkutano mkuu wa mwaka ajenda hii inaweza kuingizwa.

Serikali ya kaunti nayo, inapogawia makundi ya vijana na akina mama mashine kwa pesa za umma, ina fursa ile ile kila inapotangaza zabuni. Masharti hayahitaji kurasa nyingi. Mshindi wa zabuni aonyeshe spea za miaka mitano zilizoko ghalani Embu, zisiwe za kuagizwa zikihitajika. Alete kitabu cha Kiswahili chenye vipimo vya ringi, plagi na nafasi ya vali. Asajili nambari ya kila injini pamoja na simu ya aliyeipokea, na awajibike kuwajulisha wote kasoro ikigunduliwa popote duniani. Tena katika mkataba aandike jina la fundi mmoja anayepokea simu, pamoja na la atakayeshika nafasi yake akiwa likizoni.